Bafta ya Watu

Jumatatu, 4 Mei 1981

Mvua tangu alfajiri. Kola nne za kugeuza, zipu moja, na suruali ya mwalimu wa shule ya jirani, kiraka cha tatu palepale makalioni. Mwaka huu sijashona nguo mpya hata tano. Kazi yangu ni kugeuza za zamani, ndani ije nje, na watu wanashukuru kana kwamba nimewavisha hariri. Uzi mweupe umebaki kidonge kimoja. Temeke nzima hakuna uzi.

Saa tisa alikuja mwanamke barazani, simjui. Mtu wa kusini, alisema katoka Masasi miaka mingi, sasa anakaa upande wa Mtoni. Msalaba mdogo shingoni. Mumewe kafariki asubuhi. Barua ya balozi wa nyumba kumi anayo, duka limemwambia bafta nyeupe ya sanda hakuna, aje Jumatano. Maiti haingoji Jumatano. Kaambiwa na watu pengine fundi ana kipande. Nikamwambia sina. Kweli sina.

Mama alikuwa ndani anasikiliza. Akaburuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda, akatoka na sanda yake mwenyewe mikononi, ile aliyojiwekea, akampa. Hakuuliza jina. Nilimvuta pembeni nikamwambia, Mama, huyu Mkristo, na hiyo ni ya kwako. Akanijibu mbele ya mgeni: "Bafta haina dini, Saidi. Mwenye dini ni anayevishwa."

Mwanamke alilia, akapiga magoti kwenye matope, akaenda zake. Nimekasirika. Nimeshona kwa hasira mpaka sindano imevunjika, na sindano nazo hakuna.

Alhamisi, 7 Mei

Bado nimenuna. Asha, mke wangu, ananicheka. Anasema mwanamume wa miaka arobaini na sita ananuna kama kaporwa andazi.

Yeye hakuwepo wakati ule. Mama aliinunua sanda ile mwaka wa sitini na sita, kwa uji. Alikuwa anawapikia makuli wa bandarini, anatoka hapa kwa miguu, sufuria kichwani, kabla jua halijatoka. Bafta siku hizo ilining'inia Kariakoo duka hadi duka, jora kwa jora, na mwenye duka anakubembeleza uguse. Mama alichagua nzito kuliko zote. Akaifukiza udi, akaitia karafuu maiti, akaifunga. Kila Shaabani aliitoa akaianika kwenye kamba uani ipate jua. Watoto wa mtaa walikimbia, walisema kwa Bi Kidawa kuna mzuka. Yeye alicheka tu. Alisema mtu mwenye nguo yake ya mwisho analala vizuri.

Temeke ile. Mikorosho kila upande, nyumba moja hapa, nyingine kule. Mama aliweka mtungi wa maji barazani na kata juu yake, kwa wapita njia. Siku moja kata ilipotea. Tukasema basi, imekwenda. Siku ya tatu tukaikuta palepale, imeoshwa, ndani yake mayai mawili. Mpaka leo hatujui nani. Na mimi nilikuwa naacha cherehani barazani usiku kucha, nimeifunika gunia tu. Siku hizi naifunga mnyororo.

Akiba haiozi, wanasema. Ya Mama haikuoza, kaigawa. Na umri wake sabini na tisa, kwa hesabu yake mwenyewe ambayo inapunguza.

Jumamosi, 9 Mei

Mteja mpya. Hamisi, anafanya kazi kiwanda cha saruji kule Wazo. Kijana wa miaka kama ishirini na saba, kope zina vumbi jeupe hata akiwa kaoga. Kapanda mabasi mawili kunifuata. Kuna mtu kamwambia Temeke yuko fundi anayerudisha mapande, vile vipande vinavyobaki. Nikajisikia mtu mkubwa. Mafundi wenzangu wananiita mjinga, maana kwa desturi ya ufundi mapande ni ya fundi. Mie nayafunga pamoja na nguo ya mtu, hata kiwe kipande cha kufutia pua. Ndivyo nilivyolelewa.

Kafungua gazeti. Bafta. Yadi kumi na tano, haijaonja maji. Mjomba wake kaipata Unguja, sikuuliza kaipataje. Anataka kanzu tatu: yake ya harusi, ya baba yake, na ya huyo mjomba. Harusi ni Shaabani, kabla ya mfungo. Atarudi baada ya wiki mbili kuzijaribu. Nilitaka kumwandikia karatasi. Akasema, "Ya nini, fundi? Nakuachia amana." Hatukuwa tumejuana hata saa nzima.

Nimeiweka juu ya kabati chumbani kwa Mama. Ndipo pasipovuja.

Jumanne, 12 Mei

Duka la ushirika wametangaza nguo zinakuja. Foleni imeanza tangu jana. Foleni yenyewe siyo ya watu, ni ya mawe. Kila mtu anaweka kitu chake chini anakwenda kutafuta riziki, na waliobaki wakisogea wanasogeza na vya wasiokuwepo. Mie nimeweka pasi yangu ya mkaa iliyokufa. Nyuma yangu mwanamume kaweka tofali. Mbele yangu mama mnene kaweka kinu kilichopasuka. Majina hatuulizani, tunaitana kwa vitu. Pasi, umeamkaje. Tofali, habari za kwako. Mama Kinu anasema akifa waandike hivyohivyo kaburini.

Nimewaambia wale wawili kazi yangu na shida yangu: nataka kurudisha sanda ya mama yangu kabla hajaihitaji. Tofali akauliza mgonjwa? Nikasema hapana, mzima, ana kikohozi kidogo tu. Akasema basi Mungu akikawize hicho kikohozi.

Nguo hazikuja. Nimesimama mpaka magoti yameuma.

Ijumaa, 15 Mei

Mama kaanguka uani akienda kutawadha.

Kifua. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa jirani, Asha kashika mwavuli. Daktari mpole, kampima taratibu, kamchoma sindano, kisha kaniita pembeni. Kasema mapafu, na umri. Kasema rudi naye nyumbani, mpe uji, kaa naye karibu. Nimeelewa. Mama alielewa kabla yangu, maana njiani alianza kuniambia nani apewe vyungu vyake.

Foleni sikwenda. Pasi iko kule peke yake.

Jumapili, 17 Mei

Leo kazikwa mzee mmoja wa bondeni, aliyekuwa akiwapaka watu nyumba chokaa. Nilikwenda mazishini. Bafta ilitafutwa madukani na kwa watu, haikupatikana. Wamemzika kwa shuka lake la kitanda. Lina maua mekundu.

Tulitazama chini wote. Imamu alisema Mwenyezi Mungu haangalii nguo, na ni kweli. Lakini mwanawe yule mzee alikuwa analia kwa aibu zaidi ya msiba, mtu mzima ana mvi, anajifunika uso kwa kofia. Nilimwona vizuri. Nilikuwa nimesimama karibu.

Nimerudi nyumbani nikakagua mashuka yetu. Moja la bluu. Moja lina tausi. Kisha nikaingia kumtazama Mama. Kalala, mdomo wazi, mdogo sana. Juu ya kabati, yadi kumi na tano.

Jumanne, 19 Mei

Naandika haya leo leo, kabla sijaanza kuyageuza kichwani kama kola.

Mchana. Asha yuko sokoni. Mama kapumua vibaya tangu asubuhi, kisha kasinzia. Mvua kubwa juu ya mabati. Nikaishusha bafta ya Hamisi nikatoka nayo ukumbini. Nikajiambia naazima. Nikajiambia foleni ikitoka nitafidia na hatajua. Nikajiambia yeye ni kijana, ana miaka ya kutafuta nguo, Mama ana siku. Maneno yote mazuri yalikuja, moja baada ya jingine, wala sikuyatafuta.

Sanda haikatwi kwa mkasi. Kwetu huchanwa kwa mkono. Nikapima yadi tatu, nikatia jino pindoni, nikachana. Na mvua, utadhani imeitwa, ikakatika katikati ya kazi. Nikawa nachana nyumba ikiwa kimya. Sauti ile hata mtoto anaijua.

Kutoka chumbani: "Nani kafa?"

Nikasema hakuna.

"Hakuna, mbona unachana?"

Nikasema nachana bitana ya koti. Nilimwambia hivyo mama yangu mgonjwa. Akavuta pumzi. "Bafta naijua sauti yake mie. Ya nani hiyo, Saidi?"

Akaniita, nikaingia nayo mkononi. Sikuwa na pa kuificha. Hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu. Alisema maneno machache, kayakata mara tatu kwa sababu ya pumzi: "Mwambie mwenyewe kabla hajakuuliza. Akikuuliza kwanza, umeshakuwa mwizi."

Jumatano, 20 Mei

Sijashona. Miaka ishirini na mitatu narudisha mapande ya watu, hata cha upana wa vidole viwili, na leo nimechana bafta ya harusi. Kipande kiko mezani. Nimekikunja, nimekikunjua. Nguo ikishachanwa haina toba.

Asha nimemwambia. Hakucheka safari hii. Kaniuliza tu Hamisi anakuja lini, nikasema Jumamosi.

Jumamosi, 23 Mei

Kaja saa nne. Nilimwona tokea kona, anaruka madimbwi, anatabasamu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Jumatano, yote yakapotea.

Sijawahi kushukuru urefu wa salamu zetu namna hii. Shikamoo fundi. Marahaba. Habari za hapa. Habari za mvua. Za nyumbani. Za mama watoto. Na mimi najua swali la kanzu limekaa mwisho wa salamu, linangoja zamu yake. Alipofika kwenye habari za kazi nikamkatiza. Nikasema, "Hamisi, nimeichana bafta yako. Yadi tatu. Nilitaka kumwekea mama yangu sanda, anaumwa. Sikukuomba. Nilichukua." Basi. Sikuongeza.

Tabasamu lilikaa usoni kidogo, halijapata habari. Kisha likaondoka. Akauliza kiko wapi, nikampa. Akapitisha kidole gumba pale palipochanika. Akasema, "Nguo ya harusi yangu, fundi." Akasema tena. Sauti haikuwa kubwa. Akaweka kipande mezani, akatoka, akavuka mtaro, akasimama barabarani amenipa mgongo. Nikajua sasa anakwenda kuita watu, na ana haki. Nikakaa. Nilitamani hata angeita watu upesi.

Akarudi. Viatu vimejaa matope, akavivua mlangoni. "Huyo Bibi yuko wapi?"

Nilimwonyesha. Akaingia, nikasikia shikamoo, nikasikia marahaba ya Mama, nyembamba. Sikuingia. Walikaa muda. Sijui walizungumza nini, ila kuna mahali Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na Hamisi akawa anamwambia pole, pole Bibi, kunywa maji. Mama hakuwa amecheka tangu Ijumaa ile.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Bibi kanikatalia. Anataka niondoke na bafta yangu yote, na kile ulichokichana. Kaniambia harusi haiendi na huruma." Akachukua kipande, akakipima kwa mkono kama anafahamu. Akauliza, zilizobaki kumi na mbili zinatoa kanzu tatu? Nikasema ukizibana zinatoka, ila moja itabidi iwe na kiungo, mgongoni, kutoka bega hadi bega.

"Weka kwa mjomba," akasema. "Mgongo wake mwenyewe hauoni."

Akanisukumia kipande. "Kanzu inaungwa, fundi. Sanda haiungwi. Hiki kiache hapa."

Nikamwuliza nimlipe vipi. Akasema shona vizuri. Akavaa viatu vyake vya matope akaenda kutafuta basi. Nimekaa barazani mpaka adhana ya adhuhuri, sikugusa kazi.

Jumatatu, 25 Mei

Mama kakubali kipande. Siyo kwangu, kwa Hamisi. Anasema kijana kakiacha mwenyewe, kwa mdomo wake, baada ya kuambiwa ukweli, basi kimekuwa halali. Kakiweka kifuani, anakipapasa. Nikamwambia bado vinne, sanda ya mwanamke ni vipande vitano. Akasema vinne viko kwa watu. Hakuonyesha wasiwasi hata kidogo. Wasiwasi wote nimeachiwa mimi.

Anazungumza sana mambo ya zamani. Mengine kayachanganya, mengine anayakumbuka kuliko mimi. Leo kanikumbusha wiki ya uhuru, mwaka wa sitini na moja. Kila mtu Temeke alitaka nguo mpya ya siku ile, na cherehani yangu ilikuwa ya mkono, bado sijapata ya miguu. Bega langu la kulia likagoma. Mpita njia mmoja akanitazama, akavuta kigoda, akaanza kuzungusha gurudumu, mimi naongoza nguo kwa mikono miwili. Akazungusha tangu saa sita hadi magharibi. Tulishona magauni manne. Mama akampa wali, akala, akanawa, akaenda zake. Nilikuwa nimemsahau kabisa. Mama anamkumbuka hata shati, la mistari, kola imechakaa.

Nikamwuliza alikuwa nani. Akasema, "Mtu." Kisha akalala.

Jumatano, 27 Mei

Saa nane kasimama mtu wa baiskeli mbele ya nyumba, anaulizia fundi mwenye pasi mbovu. Sikumtambua mara moja, sijazoea kumwona bila tofali.

Siku kumi na tano sijakanyaga foleni. Nilishaihesabu pasi imetupwa. Kumbe walikuwa wanaisogeza. Kila asubuhi, anasema, Mama Kinu anaiinua kwanza ya kwangu ndipo ainue kinu chake, na mtu akitaka kuiruka anamwambia mwenyewe anauguza, wamekumbuka kile kikohozi. Jana nguo zimekuja. Karani kafika kwenye pasi, kauliza hii ya nani. Watu wakasema ipo, ya fundi, ana mgonjwa. Karani kasema pasi hainunui nguo. Tofali kasema itanunua, akatoa pesa za kwake.

Yadi tano za bafta, kila mtu kipimo hichohicho. Na juu yake kipande kingine, kimekunjwa peke yake, ukingo umechanwa kwa mkono. Hicho cha Mama Kinu. Alipata tano zake za mashuka ya binti yake, akazichana palepale mbele ya duka. Watu wakageuka wote kutazama, kwa sauti ile.

Nilimrudishia pesa zake kabla hajakaa. Alikunywa chai, akaingia kumsalimia Mama. Huu ni mtaa wa tatu anaulizia, alianzia Tandika, nyumba hadi nyumba, anauliza fundi. Jina lake ni Athumani. Nimemfahamu wiki mbili nisijue. Alipoondoka niliingia chooni nikalia, maana ukumbini kulikuwa na Asha.

Vipande vitano vimetimia, maana yadi tano za foleni zimetoa vitatu. Mama kavishika kimoja kimoja, macho kafumba. Akasema hiki cha Wazo. Hiki cha foleni. Hiki cha yule mama. Akapatia vyote.

Ijumaa, 29 Mei

Mama kafariki saa tatu asubuhi. Asha alikuwa anamlisha uji. Alimeza kijiko cha pili, akasema umekolea, basi.

Tumemzika baada ya alasiri. Hakukuwa na mvua. Waosha walitoka wakaniambia kila kitu kimetosha. Nyeupe tupu.

Jumatatu, 1 Juni

Matanga yamekwisha. Majamvi yamekusanywa, masufuria yamerudi kwa wenyewe. Nyumba kubwa ghafla.

Walikuja watu nisiowajua, wengi. Kuna mzee alisema alikunywa uji wa Mama kwenye geti la bandari miaka minne, siku nyingine bila senti, na Mama akimwambia utalipa ukioa. Kuna mwanamke aliyeleta kuni, akaziweka uani, akaondoka bila kukaa. Mama Kinu alikuja kutoka Tandika, akapika siku zote tatu. Jina lake halisi ni Bi Tatu, lakini hata jikoni wameshaanza kumwita Kinu, hataki wengine walizoee, na wanaendelea.

Nilikuwa namtazamia yule wa Masasi. Hakuja. Asha kaniuliza kama nina kinyongo naye. Nilichunguza moyo wangu kwa haki kabisa. Sina. Ana msiba wake na njia yake, na hakuna aliyemwambia. Mama hakumtaja hata mara moja tangu siku ile, utadhani alimpa chumvi.

Nina kinyongo na mimi mwenyewe kidogo. Kile kipande cha kwanza nilikichana kwa wizi. Kilikuja kuwa halali, Mama kasema, Hamisi kasema, nimeyasikia kwa masikio yangu. Lakini mkono wangu unajua ulivyoanza. Nimemwambia Imamu. Kasema fundi, kashone kanzu za watu.

Jumatano, 10 Juni

Kanzu mbili tayari. Ya bwana harusi nimeitia tarizi kifuani kwa mkono, uzi wa zari niliokuwa nimeuhifadhi kwa ajili ya siku nisiyoijua. Ya mjomba bado. Kiungo nimekishona, nimekifumua, nimekishona tena. Nataka kilale. Asha anapitisha kiganja, anasema hakisikiki. Kinaonekana kidogo ukisimama kwenye jua.

Mapande yametoka ya upana wa vidole vinne. Nimeyafunga pamoja.

Jumapili, 21 Juni

Nimetoka harusini Wazo. Mabasi mawili kwenda, na kurudi lori la kokoto.

Hamisi alinitumia salamu mara tatu nisikose. Sikutaka. Mtu ana msiba wa wiki tatu, na simjui yeyote kule isipokuwa bwana harusi, ambaye siku hiyo hana nafasi ya kujuana na mtu. Asha akanipigia pasi shati, akanisukuma.

Nyumba iko juu, kilima chenyewe cheupe kwa vumbi la kiwanda, hata migomba. Watu wamejaa. Mlangoni kasimama kijana mwenye daftari, anapanga wageni, jamaa wa bibi harusi kulia, wa bwana harusi kushoto. Akaniuliza, "Mzee, wewe wa upande gani?" Nikasema mie fundi. Akasema fundi sawa, lakini upande gani? Nikaanza kumweleza, nikaona maneno ni mengi na nyuma yangu watu wanasubiri. Nikamwambia nitasimama tu, asijali.

Mtu wa miraba minne akaja kutoka ndani, kanzu mpya, akanishika mkono kabla sijampa. Sijawahi kumwona; kumbe Hamisi alishamsimulia. Kijana akamwambia, mjomba, huyu mzee hana upande. Mjomba akanigeuka, akanipa mgongo mzima pale juani, akajipiga begani kwa kidole juu ya kile kiungo changu, akamwambia yule kijana, "Mwandike kwetu. Sie na huyu tunazikana."

Kijana akaandika. Nikavua viatu, nikaingia kushoto.